Usiondoe, Ongeza

Kule Kagera, nyasi za rweya, yaani uwanda wa wazi, hukatwa na kutandazwa chini ya migomba na mibuni kwenye vibanja, mashamba yanayozunguka nyumba, kutunza unyevu na kuzuia magugu. Lakini nyasi huoza. Je, uongeze lini?

Ingiza vidole kwenye nyasi hizo. Safu ikiwa imekonda, udongo unachungulia na magugu yanachipua, wakati umefika. Ongeza mvua za masika zikielekea ukingoni, ardhi ingali na maji. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, manyunyu yataishia kwenye nyasi. Acha nafasi kuzunguka shina la mgomba, fukusi wasipate maficho. Matandazo yaliyogandamana hadi maji yanateleza juu, yavuruge kwa reki. Yaliyotoka kwenye mmea mgonjwa, hayo ndiyo ya kuondoa.

Ile safu ya chini, nyeusi na laini, iache: imeshakuwa mbolea. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Leo, kabla hujafuta utaratibu wa zamani nyumbani au kazini, uchunguze kwanza. Pengine umepungua tu, unahitaji kuongezewa.