Haki ya Pumzi

 

Tumo kiangazi. Huko juu Kinole Mwenyezi Mungu bado anateremsha manyunyu, na migomba imesimama kijani. Lakini ukishaacha mji pale Bigwa ukaelekea Matombo, Mvuha na Kisaki, kila mahali ambapo lami haijafika ni vumbi jekundu mtindo mmoja, mpaka mvua za vuli zishuke. Jioni juu ya vumbi hilo unaongezeka moshi wa mashamba yanayochomwa. Na wengi wetu humu msikitini riziki yetu iko kwenye magari: mafundi, madereva wa Noah, wenye Prado za kukodisha kwa wageni wanaokwenda Mikumi na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo leo nitasema juu ya kitu kinachokaa nyuma ya dashibodi, ambacho abiria hakioni na wala hajui kama kipo: filta ya AC.

Ndugu zangu, magari haya tunayapata yameshatumika Japani. Filta iliyokuja nayo mara nyingi ni ile ile ya huko, imejaa majani makavu ya miti ya kwao, na kibandiko chake kina maandishi ya Kijapani. Kwenye nchi ya lami watu huibadilisha kila baada ya kilomita 15,000 au 20,000. Gari la Kisaki halingoji hesabu hiyo. Lifunguliwe kiangazi kinapoanza, na lifunguliwe tena kinapokwisha.

Kazi yenyewe haimshindi mtu. Kwenye Prado na RAV4 nyingi unatoa vitu vyote kwenye kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, unabana mbavu zake mbili kwa ndani, unakiachia kishuke. Nyuma yake kuna kifuniko cha plastiki chenye vibanio. Kabla ya kuivuta filta ya zamani, tazama mshale wake umeelekea wapi. Futa nyumba yake kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, okota majani, na ukikuta panya amejenga humo, safisha mpaka kwenye feni. Kisha ingiza mpya kwa kufuata mshale, sukuma kifuniko mpaka usikie vibanio vimeshika, uwashe feni toka namba ndogo hadi kubwa. Ile filta yenye mkaa ndani yake ni bora zaidi, kwa sababu hupunguza na harufu ya moshi.

Dhambi inaingia wapi katika jambo hili? Inaingia pale ambapo hakuna anayetazama. Mwenye gari amelipa filta mpya, fundi anaitoa ya zamani, anaigonga kwenye tairi, anaipuliza kwa upepo wa kompresa, anairudisha, na pesa anatia mfukoni. Ule upepo wenyewe umeshaachanisha nyuzi za filta, na vumbi laini sasa linapita bila kizuizi. Mwingine anaona feni inapiga kwa unyonge, anaing'oa filta iliyoziba, anafunga kifuniko kitupu, na mteja anafurahi kwamba AC imepona. Haijapona. Vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye evaporeta, ile sehemu inayopoza hewa, ambayo AC ikiwaka huwa na unyevu wa baridi, linaganda pale likawa tope, tope linaota ukungu, na abiria wote wanapuliziwa ukungu huo usoni safari nzima.

Mnaijua habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye rundo la nafaka. Ameipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amridhie. Kwa juu rundo lilikuwa kavu. Mtume akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke juu ile iliyolowa watu waione, kisha akamtoa mdanganyifu katika kundi lake. Hebu tulifikirie hili, ndugu zangu. Yule bwana hakusema uongo hata kwa neno moja. Aliacha tu kilichofichika kibaki kimefichika. Sasa ni nani atakayetia mkono nyuma ya dashibodi yako?

Na usidhani kinachofichwa pale ni vumbi la kupangusa kwa kitambaa. Vumbi baya zaidi hulioni. Madaktari wanahofia chembe zisizofika maikromita 2.5, na unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa takriban maikromita 70. Pua haizizuii, kikohozi hakizitoi, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Yupo mama anayetoka Mvuha na mtoto mwenye pumu, anampeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa mjini. Kwenye stendi ameziacha gari mbili zenye madirisha mabovu, akachagua lile la vioo vizima, akaongeza nauli. Amepandisha kioo, amemfunika mtoto kwa khanga, ametulia. Mama huyu amekukabidhi pafu la mwanawe, wewe dereva na wewe mwenye gari, na hakukuandikisha popote. Siku ya Kiyama utaulizwa amana hiyo hata kama yeye hakujua kwamba ameiweka kwako.

Nina neno jingine, na hili linanikera zaidi. Kuna ndugu ambaye filta yake ni mpya, ya bei, ameifunga kwa mikono yake. Anapandisha vioo, anabonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha anaikanyaga gari kilomita 80 kwa saa kwenye kifusi. Pembeni wanapita akina mama wa Kiluguru na mikungu ya ndizi kichwani, watoto wa shule na sare nyeupe, mzee na baiskeli yake. Anawapigia honi ya salamu. Yule mzee atairudishaje salamu, na kinywa kimejaa vumbi? Mtume alipowataja masahaba haki za njia, alizitaja pamoja kuzuia udhia na kuitikia salamu, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Nawe kwa mguu wako mmoja umevunja la kwanza, na umemnyima mwenzako uwezo wa kutimiza la pili. Na ile kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana, ambayo watoto wetu wa madrasa wanaihifadhi kama hadithi ya 32 katika Arobaini za Imam Nawawi, haikubagua walio ndani ya kioo na walio nje.

Ukimwona mtu anatembea, punguza mapema, kabla hujamfikia. Vumbi linahitaji muda kulala. Ukipunguza ukiwa ubavuni kwake, lile ulilolivuta nyuma yako linamfika vile vile. Na upepo ukiwa unaelekea upande wake, punguza zaidi. Dakika chache utakazochelewa kufika stendi ya Msamvu hazikupunguzii riziki aliyokuandikia Mola wako.

Nimeshasema na mafundi wetu wawili. Tukishatoa salamu na kumaliza nyiradi, watakuwa chini ya mwembe, upande wa pipa la maji. Kufungua na kukagua ni bure. Filta ikiwa imekufa, utaonyeshwa kwa macho yako, utanunua mwenyewe dukani, na ya zamani utakabidhiwa mkononi. Mwenye gari la abiria ambaye leo hana kitu, amwone mweka hazina wa msikiti kwa siri, tutamkopesha. Madereva wa Kisaki waanze wao, maana wana abiria wanaowasubiri stendi.