Deni la uhai

Mtu akikuokoa kufani, utamlipa nini? Tulifikiri swali hili kwa habari ya kweli.

Katika nchi ya Ireland ulikuwapo ukoo mkubwa, ukoo wa FitzGerald. Edward alizaliwa humo mwaka 1763. Baba yake alikuwa Duke wa Leinster. Nyumba yao ya Dublin ndiyo ambamo leo Bunge la Ireland hukutana.

Edward akawa askari wa mfalme wa Uingereza, akapelekwa Amerika. Tarehe 8 Septemba 1781, katika vita vya Eutaw Springs, alijeruhiwa pajani, akaachwa amezimia. Alikuwa na miaka 17. Mtu mweusi, Tony Small, mtumwa aliyetoroka, alimkuta pale, akambeba mpaka kibandani mwake, akamwuguza hata akapona. Mtu aliyezimia haulizwi ukoo wake.

Edward akamchukua awe mtu huru, mtumishi wake wa mshahara, na Tony akawa mwaminifu kwake miaka yote.

Mwaka 1792, katika karamu mjini Paris, Edward alikana cheo chake cha kuzaliwa. Jeshi likamfukuza. Baadaye, ingawa alikuwa Mprotestanti, akaingia katika chama kilichotaka Wakatoliki na Waprotestanti wa Ireland wawe na haki sawa. Chama hicho kikashika silaha. Tarehe 19 Mei 1798 walikuja kumkamata. Akapigana kwa kisu, akamjeruhi mtu hata akafa, naye akapigwa risasi. Alifia gerezani tarehe 4 Juni, akamwacha mjane Pamela na watoto 3. Serikali ikawanyang'anya urithi wao.

Basi, je, Edward alilipa deni lake? Wengine watasema: Ndiyo, alimpa Tony kazi na mshahara. Lakini mshahara ni haki ya kazi; sio malipo ya uhai. Aliyemtumikia alipwe hata kama hakumwokoa mtu. Wengine watasema: Alilipa kwa kuwapigania wanyonge wa nchi yake. Hapo pana ukweli, maana wema uliopewa bure hautulii mfukoni. Wataka kupitishwa kwa wengine. Hata hivyo, damu aliyoimwaga hatuwezi kuihesabu kuwa malipo.

Tena liko jambo moja linalotuchoma. Edward aliweza kulivua jina la ubwana kwa usiku mmoja mbele ya wageni. Lakini nyumbani, aliyembeba alibaki mtumishi, naye aliyebebwa alibaki bwana. Kukana cheo mbele ya watu ni kazi nyepesi. Kuketi sawa na yule anayekuletea maji ndiyo kazi nzito.

Nasi je? Yupo aliyetubeba tulipokuwa hatujiwezi: mama, mwuguzi, jirani, pengine mtu tunayemwita kila siku kwa kupiga makofi. Deni lake halilipiki kwa fedha. Tuanze basi kwa kumwita kwa jina lake, na kumpa kiti.