Kuinama Bila Cha Mvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii haina utata: kuna kitu unakitaka, na kuna gharama ya kukipata. Lakini vipi mtu anayeinama ilhali mvunguni hamna kitu? Swali hili lilinikaa kichwani tangu nilipokimbia mbio za matope kwa mara ya kwanza, mimi na marafiki watano, nje kidogo ya mji wa Singida, mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinapiga.

Hazikuwa mbio za udhamini wala medali. Mwenzetu mmoja alitoa shamba. Tukachimba mtaro, tukapanga matairi mabovu, tukafunga kamba za katani za kutambaa chini yake, tukasimamisha ukuta wa mbao. Kazi iliyobaki ilifanywa na udongo mweusi wa mbugani, ambao ukishalowa unakuvua kiatu na haukirudishi. Mama mmoja aliyepita na ndoo ya maji kichwani alisimama akatutazama, kisha akauliza, "Jamani, mnalipwa?" Tulipojibu hapana, akacheka, akaendelea na safari yake, akichagua pa kukanyaga.

Swali lake ni la kifalsafa hasa. Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, aliona kwamba kucheza mchezo ni kukubali kwa hiari kupambana na vikwazo visivyo vya lazima. Kwetu tope lilikuwa hiari. Ukichoka unatoka, unaoga, unaagiza soda. Tope la yule mama halina pa kutokea hadi masika yaishe. Ndiyo maana wakisema mbio hizi zinakuandaa kwa maisha, mimi napata kigugumizi. Shida unayoweza kuiacha saa nane mchana haikufundishi shida inayokungoja kesho asubuhi.

Basi tulifuata nini? Mimi nililipata jibu ukutani. Mmoja wetu, mzito kuliko wote na mwenye cheo kazini kwake, alijaribu kuupanda mara tatu akateleza. Mara ya nne hakusema kitu, akanyoosha tu mkono juu. Wawili wakamvuta, mmoja akamsukuma kutoka chini, akavuka. Hakuna aliyemdai shukrani, naye hakuona aibu. Kumbe inawezekana!

Lakini si kila mbio zinaruhusu hilo. London, mwaka 1908, Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani akiongoza marathoni ya Olimpiki, akaanguka mara kadhaa, maofisa wakamwinua hadi akavuka mstari. Akaondolewa kwenye matokeo, na dhahabu ikaenda kwa Johnny Hayes wa Marekani. Sisi wa Singida tuna mfano wa karibu zaidi. Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumzidi Amanal Petros wa Ujerumani sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42, tofauti ilikuwa kupepesa jicho. Hapo mkono wa rafiki, hata wa nia njema, ungekuwa wizi.

Kwa upande wa pili kuna mbio kama Tough Mudder, zilizoanza Marekani mwaka 2010 bila kutafuta mshindi wala kupima muda. Huko kumvuta mwenzako ndiyo mbio zenyewe.

Kwa hiyo, lini msaada ni wizi na lini ni wajibu? Naona inategemea kikwazo kimewekwa kwa ajili gani. Kama kimewekwa kumpima mtu, kama mtihani au marathoni ya Tokyo, kumsaidia ni kukiharibu kipimo. Kama hakimpimi yeyote, kipo tu njiani, basi kumnyima mtu mkono ndiyo uovu.

Na vikwazo vingi maishani havimpimi mtu yeyote. Ugonjwa haujaja kupima imani yako. Ada ya mtoto haikupangwa ili tujue nani mwanamume. Basi likikwama kwenye udongo mweusi, abiria hawaulizani nani ana sifa ya kuvuka: wanashuka, wanavua viatu, wanasukuma. Wazee waliokuwa wakialikana kulimiana mashamba kwa zamu walilijua hili bila kusoma kitabu.

Tatizo letu ni kuyageuza yote kuwa Tokyo. Mtu amefiwa, tunamwambia "jikaze". Kijana amekosa kazi, tunamwambia wenzake mbona wamepata. Hata sifa zetu zina ujanja huo. Tunasema "akina mama wa huku wana nguvu, acha kabisa!", na ukishamsifu hivyo mwenye ndoo, tayari umemgeuza mwanariadha. Mwanariadha hasaidiwi, anapigiwa makofi. Hapo bomba la maji linaweza kusubiri mwaka mwingine.

Kwa hiyo mvunguni palikuwa na kitu, ila kidogo: nafasi ya kufanya mazoezi ya kuomba mkono na ya kuutoa, mahali ambapo hakuna anayehesabu. Mazoezi si kazi yenyewe. Kazi yenyewe iko barabarani, na huko hakuna aliyefunga kamba kukuonyesha kikwazo kinapoanzia.