Je, Jicho Laweza Kusema Uongo?



Muhula ukikaribia kwisha, huandaliwa semina za kutafuta kazi, na mtoa mada hasahau lugha ya mwili: kaa wima, mtazame anayekusaili machoni, tabasamu, usikunje mikono. Mara nyingi husema pia kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38 na uso 55. Hesabu hizo zilitokana na utafiti wa Albert Mehrabian wa mwaka 1967, nao ulihusu jambo dogo: tunavyopima hisia za msemaji pale neno lake na sura yake vinapopingana. Mwenyewe alishaeleza kuwa hazihusu mawasiliano yote. (Na ni nani aliyewahi kuelewa mhadhara wa fizikia kwa kumtazama mhadhiri usoni tu?)

Swali langu, ndugu msomaji, ni jingine. Semina hutufundisha mwili kama chombo cha kupata tunachotaka. Je, mwili nao una wajibu wa kusema kweli, kama ulimi?

Ulipofunguliwa mji wa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Abdullah bin Sa'd bin Abi Sarh alikuwa miongoni mwa wachache waliohukumiwa kuuawa. Sayyidna Uthman (R.A.) akamleta kwa Mtume (S.A.W.) kuomba bai'a. Mtume akanyamaza kwa muda, kisha akaikubali. Baadaye akawauliza Maswahaba kwa nini hakuinuka mmoja wao kumuua alipokuwa amenyamaza. Wakasema: ungetukonyeza kwa jicho. Akajibu kwamba haimfalii Nabii kuwa na jicho la hiana. Hadithi hiyo imo katika Sunan ya Abu Dawud. Tuitafakari vizuri: mtu huyo alistahili adhabu, na hakuna neno la uongo ambalo lingetamkwa. Hata hivyo, kuwa na uso mmoja kwa aliye mbele yako na jicho jingine kwa walio pembeni kulihesabiwa hiana.

Sasa turudi kwenye vikundi vyetu vya kujisomea. Mwenzetu anawasilisha kwa Kiingereza cha kubabaika, sisi tunaitikia kwa kichwa, huku wawili wanatazamana na kubana midomo. Hakuna aliyesengenya. Lakini katika Suratul Humaza, baadhi ya wafasiri wamesema kwamba neno moja kati ya yale mawili ya mwanzo linamhusu mwenye kukejeli watu kwa ishara za mkono na jicho.

Mtu anaweza kuuliza: basi kujifunza kumtazama msaili machoni si unafiki? Sioni hivyo. Hapa Uganda mtoto wa Kiganda, hasa wa kike, hulelewa kupiga magoti anapomsalimu mkubwa na kutomkodolea macho. Macho yale yale yaliyoinamishwa kwa adabu, msaili wa kampuni huyasoma kama dalili ya kuficha jambo. Ishara zina lahaja zake, na anayejifunza lahaja ya msikilizaji wake anamsaidia amwelewe sawasawa. Uongo huanza pale ishara inapotumika ili asielewe. Ndiyo maana tabasamu mbele ya nduguyo, ambalo Hadithi imelihesabu kuwa sadaka, halipotezi thamani siku moyo wako ukiwa mzito. Unampa kitu chake, humwibii.

Kinachonigusa zaidi ni kisa cha Suratul Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kiquraishi, akitumai watasilimu, ndipo Abdullah bin Ummi Maktum akaja kuuliza kuhusu dini. Mtume akakunja uso na kugeuka, na Aya zikashuka kumwonya. Ibn Ummi Maktum alikuwa kipofu. Hakuona uso uliokunjwa. Kwa kipimo cha semina zetu, ishara isiyoonekana na mlengwa haikuwasilisha chochote, haina madhara. Qur'an haikupima hivyo. Nasi tuna upofu wetu wa kutengenezwa, kamera zilizozimwa katika vikao vya mtandaoni, ambapo kila mmoja hufanya atakavyo kwa uso wake mwenzake akizungumza.

Tangu siku hiyo Mtume alimkirimu Ibn Ummi Maktum, na mara kadhaa alipotoka Madina kwa safari za vita alimwachia yeye nafasi ya kuwaswalisha watu.