Mwenye Vyombo

Somo: Danieli 3:1–18



Sura hii nimeisoma tangu nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili, na kila mara macho yangu yamekimbilia palepale: tanuru, vijana watatu, na yule wa nne aliyeonekana motoni. Juma hili nimekwama mapema, kabla moto haujawashwa. Nimekwama kwenye bendi.

Nebukadreza amesimamisha sanamu ya dhahabu yenye kimo cha dhiraa 60 katika uwanda wa Dura. Wakubwa wote wa serikali wameitwa. Amri ni moja tu: muziki ukilia, kila mtu aanguke asujudu. Mwandishi anatutajia vyombo kimoja kimoja, filimbi, kinubi, zeze na vinginevyo, na orodha hiyo anairudia mara nne katika sura moja. Wapigaji wenyewe hawataji. Hatujui walikuwa wangapi, walilipwa nini, wala kama yuko aliyetetemeka vidole alipoona tanuru limeandaliwa kando ya jukwaa lake. Lakini ibada yote ile ya uongo ilingoja sauti yao ndipo ianze.

Wazee waliokua na muziki wa dansi wanalijua vizuri neno "mwenye vyombo". Mwimbaji aliweza kuwa na sauti ya kumliza mtu mzima, lakini magitaa na spika vilikuwa vya mwingine, na akikosana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu. Kwa miaka mingi hapa Tanzania mwenye vyombo alikuwa chombo cha umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Polisi Jazz ilikuwa ya polisi. Wanamuziki walipata mshahara na watoto wao wakasoma. Walituachia nyimbo ambazo hadi leo zikipigwa harusini wazee wanainuka vitini. Na ilipotakiwa sifa, walisifu. Siwalaumu, nyumba ya mtu ilikuwa inategemea gitaa lisilo lake.

Naliandika hili kwa sababu tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 nimekuwa nikisikia majina ya wasanii walioimba kwenye kampeni yakitajwa zaidi kwenye jumuiya zetu kuliko majina ya wagombea. Binti mmoja wa kikundi cha vijana alinionyesha simu yake. Amefuta nyimbo zote za mwimbaji aliyempenda tangu akiwa darasa la tano, na ameacha kumfuata mtandaoni. Mtaani kwao walizika baada ya uchaguzi huo. "Baba mchungaji," aliniambia, "alituimbia tucheze, na sisi tulipokuwa tunalia hakusema hata pole." Sikuwa na la kumrekebisha. Mtu ana haki ya kuzima wimbo unaomuumiza. Msanii aliyepanda jukwaani kwa hiari yake, akapokea chake, kisha akanyamaza watu walipofiwa, ana jambo la kujibu mbele za Mungu na mbele ya hao waliomnunulia tiketi miaka yote.

Kuna wanaosema suluhisho ni rahisi: msanii aimbe mapenzi, siasa awaachie wenye siasa. Ndugu zangu, nchi hii isingekuwapo kwa kanuni hiyo. Bibi Titi Mohamed, kabla hajasimama jukwaa moja na Mwalimu Nyerere, alikuwa mwimbaji wa ngoma za wanawake hapa Dar es Salaam, kiongozi wa kundi lililoitwa Bomba. TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955, alikwenda kwa wenzake wa ngoma. Vikundi vile vilikuwa tayari na viongozi wake, michango yake na namna yake ya kuitana nyumba kwa nyumba, na kadi za chama zikapita njia hiyohiyo. Aliitoa sauti yake bila mtu kumnunua. Na baadaye nchi hiyohiyo aliyoisaidia kuzaliwa ilimhukumu kifungo cha maisha kwa uhaini. Alitoka gerezani mwaka 1972. Nikimfikiria mama yule namkumbuka Daudi kijana, mpiga kinubi wa nyumbani kwa Sauli. Aliitwa ili mfalme atulie moyo. Siku wanawake walipotoka mijini wakiimba na kumpa Daudi sifa kubwa kuliko za mfalme, wivu uliingia ikulu, na mkuki ukarushwa. Daudi alikuwa na kinubi mkononi wakati ule.

Mwaka 2017 tuliuona mkuki huo ukiinuliwa na kushushwa. Machi, Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa likaufungia. Kesho yake tukaambiwa Rais Magufuli ameupenda wimbo huo, msanii aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Mimi niliogopa, kwa sababu kama uhuru wa mtu unategemea wimbo kumpendeza mkubwa, kesho usipompendeza itakuwaje? Aprili, msanii mwenzake aitwaye Roma alichukuliwa studio na watu wasiojulikana, akaonekana baada ya siku kadhaa. Nawaomba mkumbuke mambo haya mnapouliza kwa nini msanii fulani hasemi. Anao woga kama mimi na wewe, na pengine anazo sababu nyingi zaidi.

Lakini woga haufuti kila kitu, na hapa lazima niseme jambo zito. Arusha, mji wa nchi yetu, ndipo ilipokaa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Desemba 2008 ilimhukumu mwanamuziki, Simon Bikindi, kifungo cha miaka 15. Alikuwa mtunzi mkubwa, kiongozi wa kikundi cha ngoma, na nyimbo zake zilipendwa. Majaji walizichambua nyimbo hizo kwa muda mrefu. Mwishowe kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti juu ya gari, barabarani, Juni 1994, akiwahimiza watu wawamalize jirani zao. Silinganishi jukwaa la kampeni na mauaji yale. Ninachokiona ni kile kipaza sauti. Watu walimjua kwa muziki, masikio yao yalikuwa yamekwisha kumfungukia, na alipoacha kuimba akaanza kusema, maneno yake yaliingia kwenye nafasi ambayo muziki ulikuwa umeiandaa. Ndiyo maana hakuna msanii wa kuniambia, "Mimi nilikuwa naburudisha tu."

Na kutoka Rwanda hiyohiyo nina ombi juu ya neno "chawa", wanaloitwa wanaowasifu wakubwa ili wapate chochote. Najua limezoeleka mno, hata wapo wanaojiita hivyo kwa kujivunia. Mimi nimewaomba vijana wetu wasilitumie ndani ya viwanja vya kanisa. Jirani zetu waliwahi kuwaita wenzao mende redioni, na tunajua walikofika. Mwite mtu mwoga, mwite mlafi, mwambie wazi kwamba amekukosea. Mdudu usimwite, maana mdudu haombwi toba, anapondwa.

Narudi Dura. Muziki umelia, uwanda mzima umelala kifudifudi, watu watatu wamebaki wima. Nimelisoma neno hili tena na tena juma hili: Shadraka, Meshaki na Abednego hawakuwageukia wapigaji. Hawakuwavunjia zeze zao. Walipoitwa walimjibu mfalme mwenyewe, usoni, kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawatasujudu. Sisi hasira zetu zimemwangukia mpiga filimbi kwa sababu yuko karibu, picha yake iko kwenye simu, na kumtukana hakugharimu kitu. Aliyeitoa amri yuko mbali, na tanuru lake linawaka. Tena tulitaka mwimbaji awe jasiri kwa niaba yetu, asimame yeye ili sisi tuendelee kulala kifudifudi tukimsikiliza.

Naandika "sisi" kwa sababu kwenye stoo ya usharika huu kuna risiti yenye sahihi yangu.

Wengi wenu mlikuwapo. Uchaguzi mmoja wa miaka ya nyuma, mgombea mmoja alitualika kwaya yetu ikaimbe kwenye mkutano wake. Alitoa sare mpya, usafiri, na baada ya siku mbili kinanda kikaletwa hapa kanisani kikiwa bado kwenye boksi. Kwaya ilikuwa imeomba kinanda miaka mitano na mfuko haukutosha. Mwalimu wa kwaya alibadilisha maneno ya wimbo mmoja wa sifa, mahali pa jina la Bwana pakaingia jina la mtu. Nilikuwa nimekaa meza kuu. Nililisikia jina lile, na nilipiga makofi. Kisha nikasaini kupokea.

Mwaka uliofuata familia za kule bondeni zilipokuja kuomba kanisa liwasindikize kwa mheshimiwa huyo kuhusu nyumba zao zilizowekewa alama ya kubomolewa, nilisema kanisa halichanganyi dini na siasa. Mama mmoja wa kwaya alinitazama tu. Alikuwa miongoni mwao, na alikuwa amevaa ile sare.

Sijawahi kulisema hili madhabahuni. Yule binti aliponionyesha simu yake, nilijiona mimi ndani yake. Mwimbaji wake hakusema pole, na mimi sikusema. Mama yule alihamia kwa mwanawe Kibaha. Wiki hii nilikwenda kumwona. Alinipikia chai, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kinanda bado kinalia vizuri.

Nimezungumza na mwalimu wa kwaya. Jumapili hii wataimba bila kinanda, na wimbo ule utaimbwa kwa maneno yake ya kwanza. Kinanda kitabaki kimefunikwa mpaka kikao cha wazee cha Jumatano, ambacho nimeomba kiwe cha wazi kwa usharika wote. Risiti nitakuja nayo.