Mwenye Kusimulia na Wenye Kusimuliwa

Zamani, jioni ku moto, mwenye kutoa hadisi aliketi pamoja na wenye kumusikiliza. Kama aliongeza uongo juu ya mutu wa kijiji, ndugu wa yule mutu alikuwa pale pale. Alikohoa kidogo, ao alisema: «Hapana mzee, haikuwa vile.» Hadisi ilisahihishwa mbele ya watoto. Swali letu ni hili: mutu mwenye kusimulia watoto mambo ya watu wenye hajaona, nani atamusahihisha?

Tuchukue mufano wa Georges Remi, mwenye anajulikana kwa jina la Hergé. Alizaliwa Etterbeek, mu Bruxelles, mwaka 1907. Tangu 1929 alichora safari za Tintin mu Le Petit Vingtième, gazeti la watoto lenye kutoka kila juma. Mukubwa wake, padri Norbert Wallez, alitaka watoto wa Ubelgiji wapende koloni. Njo Hergé akachora Tintin au Congo, 1930 na 1931. Alikuwa kijana wa miaka 23, hajakanyaga hata siku moja udongo wetu. Vitu alikwenda kuviangalia ku museo ya Tervuren. Watu aliwatosha mu masemi ya wazungu wa wakati ule. Ku ukurasa wa mwisho, mutu wetu anainama mbele ya sanamu za Tintin na imbwa yake.

Wamoja watasema: wakati ule wote walifikiri vile. Ni kweli, na Hergé mwenyewe alikubali baadaye kwamba alifuata mawazo ya watu wa kwao. Lakini tuone mbele. Mwaka 1934 alikutana na Tchang Tchong-jen, mwanafunzi Muchina, mwenye alimufundisha kutafuta kweli ya inchi mbele ya kuichora. Kitabu Le Lotus bleu kilitokea mu urafiki ule. Basi aliweza kujifunza. Mwaka 1946 alichora upya kitabu cha Kongo. Somo lenye Tintin alifundisha juu ya Ubelgiji, «inchi yenu», aliliondoa, akaweka hesabu. Lakini sura zetu zilibaki zilezile.

Hergé alikufa 1983. Mwaka 2007, Bwana Bienvenu Mbutu Mondondo alishitaki kile kitabu ku Bruxelles. Mwaka 2012 tribinali ilikataa, ikaona hakukuwa nia ya ubaguzi. Hapa njo ninaona tofauti. Sheria inauliza: mwandikaji alikuwa na nia gani? Wazee wetu ku moto waliuliza jambo lingine: mutoto atalala na wazo gani mu kichwa? Mutu anaweza kukosa nia mbaya na bado akaacha uchungu, na uchungu ule unahitaji dawa.

Tusimuhukumu mufu tu na kujisahau. Sisi pia, mara ngapi tunachekesha watoto juu ya Wambuti, tukiwafanya wajinga wa pori, na hakuna Mumbuti mwenye kuketi pale? Mu darasa langu nimesikia wanafunzi wakicheka vile, na nikajua walijifunza kwetu wazazi na walimu. Sisi tunakasirika juu ya Tintin, na ku nyumba tunafanya kazi yake.

Basi mbele ya kufungua kinywa, mwenye kusimulia ajiulize: kama yule mutu angekuwa hapa ku moto, na mutoto wake ku magoti, ningesema maneno haya haya?