Nani Anamtunza Mama Asipokuwa na Mimba?



Mama akiwa na mimba, sote tunamhurumia. Akijifungua, tunamletea sabuni na uji. Baada ya hapo anasahaulika. Anampeleka mtoto kwenye chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, tena miezi 9. Mtoto anapimwa uzito. Mama aliyembeba mara nyingi hapimwi hata presha. Je, thamani yake ni tumbo lake tu?

Wengine watajibu: tumtunze ili mimba ijayo iwe salama. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Upungufu wa damu, presha na kisukari ni afadhali vijulikane mapema.

Lakini jibu hilo halitoshi. Likiishia hapo, mama anakuwa kama shamba linalopumzishwa kwa ajili ya mavuno. Someni Marko sura ya 5. Yesu alikuwa njiani kwenda kwa binti wa Yairo aliyekuwa mahututi. Hata hivyo alisimama kwa ajili ya mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, naye pia akamwita binti. Hakumwuliza atazaa lini. Alikuwa mgonjwa, na hiyo ilitosha.

Ndugu zangu, wengi wetu tulizika watoto kule Kongo na njiani. Hamu ya kujaza nafasi zao inaeleweka. Lakini haifai mama alipe deni la vita kwa mwili wake.

Akina baba mtasema: kodi ya nyumba hapa Katwe na Nsambya inatumaliza. Ni kweli pia. Ila mwaka 2001 serikali iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya, na mkimbizi ana haki ya kutibiwa humo kama raia. Dawa zinaweza kukosekana. Kupimwa na kupewa shauri bado kuna faida. Daktari wa familia, ambaye kazi yake ni kumwangalia mtu mzima wala si mimba peke yake, ni adimu Uganda. Basi tuanze na mkunga aliye karibu.

Siku ya chanjo, baba, msindikize mama, naye aombe kupimwa. Tusimame kwa ajili yake kama Bwana alivyosimama.